Namna ya kuitumia simu kukumbuka oda, ahadi na masomo (mie fundi cherehani wa Chake Chake, Pemba)

Mwaka juzi Ramadhani, mwezi 24, nilikata kitambaa cha mteja wa Machomane kwa vipimo vya mteja wa Madungu. Wote wawili walileta kitambaa cheusi, wote wanataka abaya, vipimo vyao nimeviandika kwenye vikaratasi viwili nikavichomeka kwa pini kwenye vitambaa vyenyewe, msaidizi wangu akafagia meza na kikaratasi kimoja kikaanguka, akakiokota akakirudisha siko. Mama wa watu akaja kujaribu, mikono imemfika juu ya kifundo, akaniambia taratibu tu, "Fundi, hii siyo niliyokwambia." Nikamlipa kitambaa kizima, na sikukuu mosi yake akaitoka na nguo ya zamani. Ile pesa nilishaisahau, ila ile nguo ya zamani mpaka leo inaniuma.

Tangu hapo vikaratasi basi. Nimejifunza kuitumia simu vizuri na nataka niwaelezee mafundi wenzangu, na wenye maduka, na wanafunzi, na mama yeyote mwenye mambo ishirini kwa siku, hatua kwa hatua. Simu yangu ni Android ya kawaida, bando langu dogo, na hakuna hata apu moja hapa niliyoilipia.

Kabla ya kupakua chochote tenganisha kwanza mambo mawili. Kuna vitu unataka ukumbushwe tu: vipimo, siku ya kutoa nguo, nani kabakisha pesa, siku ya kliniki ya mtoto, namba ya tukuza (mita ya umeme wa kununua), zamu yako ya upatu. Hivi havina haja ya kukaa kichwani hata dakika moja. Na kuna vitu unataka vikae kichwani khasa, mfano masomo ya skuli, lugha, majina ya dawa kwa anayesomea uuguzi. Tatizo ninaloliona kwa watu wengi ni kwamba wamegeuza, oda 40 wanazibeba kwa kichwa, halafu masomo wanayapiga picha ubaoni wanayaacha kwenye simu wanaona wameshasoma. Kila kimoja kina apu yake na njia yake, ukivichanganya hutofaidi chochote.

Tuanze na vya kukumbushwa.

Unahitaji mahali pamoja pa kutia kila kitu. Pamoja, siyo patatu. Ukiandika vipimo WhatsApp, deni kwenye daftari, na ahadi nyuma ya kalenda ya ukutani, siku ya kutafuta utatafuta kotekote na roho juu. Kwa anayeanza kabisa namwambia atumie WhatsApp kwa sababu ameshaizoea na iko wazi siku nzima. Tokea mwisho wa 2022 unaweza kujitumia ujumbe mwenyewe: fungua WhatsApp, bonyeza alama ya kuanzisha mazungumzo mapya, utaona jina lako au namba yako mwenyewe pale juu kwenye orodha, bonyeza, andika kitu cha kwanza utume. Halafu rudi nyuma, yashikilie yale mazungumzo kwa kidole mpaka yachaguliwe, kisha bonyeza alama ya pini ili yakae juu daima yasizame chini ya magurupu. Hapo ukipata wazo kwenye daladala unajitumia sauti, ukiona mshono mzuri unajitumia picha, umemaliza.

Lakini WhatsApp ni ya kudaka tu, haikupangii. Baada ya wiki mbili vipimo viko katikati ya picha za mishono na risiti, unapandisha unashusha. Ndiyo nikahamia Google Keep, ambayo ni ya bure, iko tokea 2013, na simu nyingi za Android unaikuta imo tayari, kama haimo iko Play Store. Nzuri yake kubwa kwetu huku ni kuwa kwenye simu inafanya kazi hata huna bando, unaandika tu, siku ukipata mtandao inajipeleka yenyewe kwenye akaunti yako.

Mie nafanya hivi. Mteja akiingia, kabla sijamgusa na futi, nafungua Keep nabonyeza alama ya kujumlisha na kuandika kichwa cha habari. Kila oda ina karatasi yake moja, hata kama mteja ni yule yule. Moja ninayoiona hapa sasa hivi iko hivi:

Machomane, abaya nyeusi
bega 15, kifua 42, kiuno 38, hipsi 46, mkono 23, urefu 57
mkono mpana, bila kibwebwe, zipu nyuma
katanguliza 10,000, bado 15,000
kutoa: Alkhamisi tarehe 12, baada ya alasiri

Chini yake picha ya kitambaa na picha ya mshono alioutaka. Picha ya kitambaa ndiyo iliyoniokoa khasa, kwa sababu vitambaa vyeusi viwili huwezi kuvitofautisha kwa maneno ila ukipiga picha karibu unaiona nakshi na ncha. Picha naipiga ya nguo na kitambaa tu, mteja simpigi, wala jina lake kamili siliandiki, naandika mtaa na aina ya nguo. Vipimo vya mwanamke ni amana. Simu yenyewe iwe na kufuli, na msaidizi au mtoto akitaka kuchezea gemu asipewe hiyo ya kazi.

Kisha natia rangi na lebo. Rangi mie natumia tatu tu, nyekundu ya haraka, kijani imeshashonwa inasubiri kuchukuliwa, nyeupe zilobaki. Nilianza na rangi nane nikawa nasahau ipi ya nini. Lebo nna "oda", "madeni", "nyumbani" na "namba". Kwenye "namba" mna namba ya tukuza, namba ya kadi ya kliniki, namba ya fundi wa mashine, na hiyo nimeibandika juu kwa ile alama ya pini. Namba ya siri ya pesa ya simu usiiandike humo kabisa kabisa.

Nguo ikichukuliwa na pesa imekamilika, oda siifuti. Naipeleka kwenye hifadhi kwa kubonyeza kile kisanduku chenye mshale unaoshuka, inaondoka mbele ya macho ila haijapotea. Mteja akirudi sikukuu kubwa naandika "Machomane" kwenye sehemu ya kutafuta, vipimo vyake vinatoka, nauliza tu kama kanenepa au kapungua. Wateja wanalipenda hili kuliko mnavyodhani. Na Keep inatafuta mpaka maneno yaliyomo ndani ya picha, kwa hiyo risiti ya duka iliyochapwa ukiipiga picha unaweza kuitafuta kwa jina la duka. Mwandiko wa mkono inaukosea mara nyingi, usiutegemee.

Orodha ya manunuzi iwe ya visanduku vya tiki, siyo maandishi marefu. Na hii unaweza kumshirikisha mtu mwengine, bonyeza ile alama ya mtu yenye kujumlisha, tia barua pepe yake. Mdogo wangu akivuka kwenda Unguja kuninunulia uzi, zipu, bitana na mpira Darajani, orodha anayo kwenye simu yake, kila akinunua anatia tiki na mie nipo Chake naona. Siku moja nilikumbuka vifungo vya kanzu yuko dukani tayari, nikaongeza pale pale akavikuta. Zamani hapo ni kupiga simu mara sita na kelele za soko hamsikilizani.

Ukiwa na mikono yenye kazi, tumia sauti. Kibodi ya Google inaandika Kiswahili kwa sauti tokea 2017, ingia kwenye mipangilio ya kibodi, lugha, ongeza Kiswahili, halafu bonyeza alama ya maikrofoni useme. Sema polepole na namba zitamke moja moja. Maneno ya Kipemba khasa kwangu haiyashiki yote, nakwenda na Kiswahili cha redioni inanielewa. Vipimo nilivyosema kwa sauti lazima nivisome tena mteja hajaondoka, maana hamsini na tano ikiandikwa hamsini na tatu nguo imeshaharibika.

Sasa saa. Hapa naomba msome vizuri kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoacha hizi apu wanasema mbovu.

Kikumbusho unakitia kwa ile alama ya kengele, unachagua siku na saa. Mteja anakwambia atakuja saa tatu. Wewe unaandika 3, simu inakuamsha saa tisa ya usiku, au inalia saa tisa mchana mteja kaja asubuhi kakukosa. Simu inahesabu saa zake kuanzia katikati ya usiku na adhuhuri, sie tunahesabu kuanzia kucha na kuchwa, tofauti yake ni sita. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya simu, tarehe na saa, washa mfumo wa saa 24, halafu zoea hivi: za asubuhi unaongeza sita, saa mbili asubuhi ni 08:00, saa tatu ni 09:00. Za mchana na jioni vile vile unaongeza sita, kwa hiyo saa sita mchana ni 12:00 na saa kumi jioni ni 16:00, na za usiku, saa moja mpaka saa tano, unaongeza sita kwanza halafu kumi na mbili, kwa hiyo saa tatu usiku, tatu na sita tisa, na kumi na mbili, 21:00. Ikiwa hesabu inakuchosha, chora saa ya mshale kwenye karatasi, mkabala wa kila saa ndiyo saa ya simu. Mie niliibandika ukutani juu ya cherehani mwezi mzima mpaka nikazoea.

Na siku nazo zina tofauti. Simu siku yake inaanza saa sita ya usiku, sie siku yetu inaanza magharibi. Ukialikwa maulidi usiku wa Ijumaa, kwa simu huo ni usiku wa Alkhamisi, na ukiutia Ijumaa 20:30 utakuta watu walishasoma wakaondoka jana. Mie sasa mtu akiniambia "usiku wa Ijumaa" namuuliza pale pale, kwa tarehe ya ngapi, halafu naandika tarehe.

Kwa wanaofuata tarehe za Kiislamu, Kalenda ya Google inaweza kuonesha na tarehe ya Hijria chini ya ile ya kawaida: ingia mipangilio, jumla, kalenda mbadala, chagua Hijria. Inasaidia kupanga, ila ile ni hesabu tu, mwezi ukiandama tofauti mnapishana siku moja. Kwa hiyo kikumbusho cha kufunga kupokea oda za sikukuu mie nakitia mwezi 15 Ramadhani ili hata ikipungua siku moja au ikizidi nisidhurike. Na usikitie kijirudie kila mwaka, kwa sababu kitajirudia kwa mwaka wa kizungu na Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, mwaka wa kwanza utakumbushwa umeshachelewa, na wa pili sikukuu imeshapita. Kila mwaka kitie upya.

Kama vikumbusho vyako havilii kabisa, angalia betri kabla hujailaumu apu. Simu nyingi za bei ya chini zinazima apu zinazokaa nyuma ili kuokoa chaji. Nenda mipangilio, apu, chagua Keep, Kalenda au Google Tasks (siku hizi vikumbusho vya Keep vinapitia huko), betri, ruhusu itumike bila kizuizi. Kisha angalia na notisi zake zimewashwa. Halafu jijaribu, tia kikumbusho cha dakika tano zijazo, funga skrini, kaa usubiri. Kikilia basi.

Kuandika peke yake hakutoshi lakini. Kila siku baada ya isha nakaa dakika tano nasoma oda zote nyekundu na ninachotakiwa kufanya kesho, yale niliyojitumia WhatsApp mchana nayahamishia Keep au nayafuta. Siku nikiacha hizo dakika tano mbili tatu mfululizo naona mambo yanaanza kunipotea tena. Kuna dada mmoja jirani yangu ana duka la vyakula, kapakua apu nne na kila moja kaandika vizuri, na hakumbuki kitu, kwa sababu hafungui kutizama.

Apu nyengine zipo, nazipitia haraka. Evernote ilikuwa inasifiwa sana lakini kwa mtumiaji wa bure sasa mwisho ni maandishi 50, fundi wa nguo unazimaliza kwa msimu mmoja. Microsoft To Do ni ya bure na nzuri kwa mtu wa ofisi. Obsidian inamfaa mwanafunzi wa chuo kikuu au mwandishi mwenye maandishi mengi, mafaili yake yanakaa kwenye simu yako mwenyewe, ila inataka uvumilivu mwanzoni. Mtu mwenye duka namwambia Keep inamtosha.

Sasa upande wa pili, vya kukaa kichwani.

Sie tuliosoma chuo cha Kurani hili tunalijua tokea watoto. Mwalimu hakupi sura mpya mpaka umedurusu ya nyuma, na ile uliyohifadhi mwezi uliopita anakurudisha ghafla uisome. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885 alitoa matokeo ya kujijaribu mwenyewe, alikuwa anahifadhi silabi zisizo na maana yoyote halafu anapima anasahau kiasi gani baada ya muda, akaona kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni kisha kasi inapungua, na kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku mbali mbali kunashikisha kuliko kurudia mara nyingi siku moja. Ndiyo kudurusu kwenyewe huko.

Apu inayofanya kazi hii ni Anki. Aliianza Damien Elmes mwaka 2006. Kwenye Android inaitwa AnkiDroid na ni bure, kwenye kompyuta bure pia, kwenye iPhone inauzwa karibu dola 25 za Marekani. Angalieni jina vizuri kwa sababu kuna apu nyengine zina jina linalofanana na siyo hii.

Mdogo wangu anayesomea uuguzi anaitumia. Unatengeneza kadi, mbele swali, nyuma jibu. Apu inakuonesha swali, unajibu kwa kichwa, unageuza, halafu unabonyeza kitufe kimoja katika vinne: nimesahau, ngumu, nimeipata, rahisi. Kwenye kila kitufe imeandikwa kadi itarudi baada ya muda gani. Uliyosahau inarudi baada ya dakika, uliyoipata inarudi baada ya siku, halafu siku kadhaa, halafu wiki, halafu miezi. Ukidanganya kwenye vitufe unajidanganya mwenyewe, ukiwa umesahau bonyeza umesahau.

Siri iko kwenye kutengeneza kadi. Mdogo wangu alianza na kadi imeandikwa "Eleza malaria", nyuma kajaza nusu ukurasa. Kila ikija anasoma tu hajibu, wiki tatu hakuna kilichoingia. Tukakaa tukaivunja. "Malaria inaletwa na kimelea gani?" Plasmodiamu. "Inaenezwa na mbu gani?" Anofelesi jike. "Mbu huyo anauma zaidi wakati gani?" Usiku. Swali moja, jibu moja fupi, na andika kwa maneno yako mwenyewe baada ya kuwa umeshaelewa somo. Kitu usichokielewa usikitengenezee kadi, utahifadhi sauti tu.

Jengine ni idadi. Anki imewekwa ikupe kadi mpya 20 kwa siku. Zinaonekana chache, lakini kila kadi mpya unayoingiza leo inarudi kesho na keshokutwa, baada ya wiki mbili unakuta za kurudia zimefika mia na zaidi, mtu anakata tamaa anafuta apu. Ingia kwenye mipangilio ya lile fungu la kadi uishushe iwe 10, au 5 kama una kazi na watoto. Na usiruke siku, hata ukifanya dakika kumi. Mdogo wangu anazifanya kwenye boti kati ya Mkoani na Malindi ya Unguja, haihitaji mtandao, anaposhuka ameshamaliza za siku hiyo.

Wazazi wameniuliza kama mtoto ahifadhie Kurani kwa Anki. Kumkumbusha aya ipi inafuata ipi inaweza kumsaidia, lakini kadi haisikii makhraji wala tajwidi, haimsahihishi. Mtoto akae mbele ya mwalimu wake.

La mwisho nisilotaka mliruke ni bekap, yaani nakala ya akiba ya vitu vyako. Mwaka jana nilipokuwa nashuka botini Mkoani simu ilinitoka mkononi ikaingia baharini, watu wanasukumana na mizigo, hakuna la kufanya. Nilikuwa na oda 31. Nikanunua simu nyengine, nikaingia kwa akaunti yangu ya Google, nikafungua Keep, oda zote 31 zikashuka na picha zake. Ila niliingia kwa sababu paswedi nilikuwa nimeiandika kwenye daftari lililo kabatini nyumbani. Wengi wetu akaunti tulifunguliwa na kijana wa dukani siku ya kununua simu, barua pepe hatuijui, paswedi hatuijui. Ukiwa hivyo vitu vyako vipo lakini si vyako.

Kwa hiyo leo ingia mipangilio ya simu, Google, uione barua pepe yako, badilisha paswedi uiandike kwenye karatasi uiweke ndani, hakikisha namba ya simu ya kurudishia akaunti ni ile unayoitumia sasa na siyo laini uliyoitupa. Nafasi ya bure ni GB 15 na bekap ya WhatsApp kwa Android nayo inahesabiwa humo, kwa hiyo video za magurupu ziondoe kwenye bekap zisikujazie. Anayetumia AnkiDroid afungue akaunti ya AnkiWeb, ni bure, abonyeze alama ya kusawazisha kila akipata mtandao. Halafu azima simu ya ndugu yako unayemuamini, ingia keep.google.com kwa akaunti yako, uone kama oda uliyoiandika asubuhi ipo. Ukiiona, toka kwenye akaunti, mrudishie simu yake.